Mrututu: Mnachokunywa ni maji ya kiwandani

Swali lilitoka Kiwangwa. Mama mmoja anayeuza mananasi kando ya barabara ya Bagamoyo–Msata alinipigia simu. Kijana wake anasumbuliwa na vidonda vya tumbo, na muuza dawa za asili pale gulioni amempa mrututu: aloweke punje mbili kwenye glasi ya maji ya moto, anywe asubuhi kabla hajatia kitu tumboni, siku saba mfululizo. “Sasa mwanangu, punje mbili si nyingi?”

Hakuuliza kama mrututu ni dawa. Hilo alishalikubali. Alitaka kipimo.

Kipimo ni sifuri, nikamwambia. Lakini jibu la neno moja halimtoshi mtu aliyekwisha kutoa fedha yake, na mama huyu hayuko peke yake. Katika ujumbe ninaoletewa na wasomaji, shaba haikosekani: bangili ya shaba ya kushusha presha, maji yaliyolazwa kwenye jagi la shaba, kitanzi cha uzazi kinachodaiwa kuota kutu na kupanda hadi moyoni. Jibu la maswali haya yote ni moja, na mahali linapoonekana vizuri zaidi si hospitali. Ni kiwanda cha kusafishia shaba.

Anayeishi Chalinze ameshaiona shaba ikipita. Malori yanayoteremka kutoka Lubumbashi, Kolwezi na Ndola kwenda bandari ya Dar es Salaam hubeba mabamba mekundu yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma. Njia ya kupanda, baadhi ya malori hubeba salfa, ileile ya manjano tunayopulizia mikorosho. Salfa inapanda, shaba inashuka, na mrututu unazaliwa katikati ya biashara hiyo.

Ardhini shaba hukaa kwa sura mbili kuu. Ya kwanza imefungamana na oksijeni na kaboni, na unaitambua kwa macho, maana jiwe lake ni la kijani. Wafua shaba wa Katanga walilipasua jiwe hilo, wakalipanga pamoja na mkaa ndani ya tanuri la udongo, wakavukuta. Mkaa ukainyang'anya shaba oksijeni yake, shaba ikatiririka, ikamiminwa kwenye kalibu yenye umbo la msalaba. Katika karne ya 19 Msiri, mtu wa Unyamwezi, alihamia huko akajenga dola ya Wayeke juu ya biashara ya shaba na pembe za ndovu, hadi alipouawa Desemba 1891. Mafundi wa shaba wa nchi ile waliitwa “walaji wa shaba”, kwa maana kwamba ndiyo iliyowalisha. Hakuna aliyeitafuna. Kazi hiyo imeachiwa wasomaji wangu.

Sura ya pili ndiyo ya kwetu. Jiwe la Bulyanhulu, na la Buzwagi kabla mgodi haujafungwa, lina shaba iliyofungamana na chuma na salfa, pamoja na chembe za dhahabu. Mkaa peke yake hauliwezi. Linasagwa likawa unga, linatiwa kwenye matangi ya maji yenye kemikali inayozifanya chembe za madini zichukie maji, kisha hewa inapulizwa kutoka chini. Chembe hizo zinang'ang'ania mapovu na kupanda nayo. Mchanga mtupu unabaki. Mapovu yakikusanywa na kukaushwa ndiyo yale ambayo kila Mtanzania alilijua jina lake mwaka 2017: makinikia. Makontena 277 yalizuiwa bandarini, ikaundwa kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, ikafuata ya Profesa Nehemiah Osoro, na vijiweni kila mtu akawa mkemia. Wengi waliuliza: kama dhahabu imo, kwa nini isichotwe hapahapa? Sehemu ya jibu ni kwamba dhahabu iliyokwisha kuingia kwenye makinikia hutoka mwisho kabisa, na hutoka kwa mgongo wa shaba. Nitafika huko.

Kwanza makinikia huunguzwa kwa hewa yenye oksijeni nyingi katika tanuri la zaidi ya nyuzi 1,200. Chuma kinakimbilia kwenye mavi ya chuma, salfa inageuka gesi. Gesi hiyo, dayoksaidi ya salfa, ikiachwa hewani inabana vifua. Waulize wakazi wa Mufulira, Zambia, walioipumua miaka mingi kwa kuishi jirani na tanuri. Ikikamatwa, inageuzwa kuwa asidi ya salfa. Asidi hiyo ndiyo siku hizi inayoliyeyusha jiwe la kijani badala ya mkaa wa mababu, na kwa kuwa haitoshi, malori ya salfa yanapanda kutoka Dar kwenda kutengeneza nyingine.

Jiwe la kijani likioshwa kwa asidi, shaba inatoka mwambani na kuingia majini. Maji yanakuwa ya buluu. Yakaushe: yanaacha fuwele zinazong'aa kama vipande vya chupa. Jina lake la maabara ni salfeti ya shaba. Jina lake la gulioni ni mrututu.

Birika la buluu

Sehemu hii mhariri wangu huniomba niifupishe. Leo sitamsikia.

Shaba inayotoka tanurini ina usafi wa asilimia 99 hivi. Inasikika kama inatosha; kwa waya wa umeme haitoshi. Basi inamiminwa kuwa mabamba mazito, yananing'inizwa kwenye birika la maji ya buluu yaliyojaa asidi, yenye joto la nyuzi 60 na ushei. Mkabala na kila bamba zito linakaa bamba jembamba. Unapitishwa umeme ambao msukumo wake haufiki hata theluthi ya betri moja ya tochi. Kwenye bamba zito, atomu ya shaba inapoteza elektroni mbili, inaacha kuwa metali na kuwa ioni, inaingia majini. Inaelea hadi upande wa pili, inarudishiwa elektroni mbili, inakuwa metali tena.

Sasa tazama hila. Msukumo ule umepimwa. Dhahabu na fedha huzing'ang'ania elektroni zao kuliko shaba, kwa hiyo umeme mdogo hauzitikisi. Bamba likiisha kuliwa, zenyewe zinadondoka chini zikiwa tope. Nikeli, zinki na chuma ni kinyume chake: zinaachia elektroni upesi, zinayeyuka pamoja na shaba, lakini zikifika ng'ambo hazipati msukumo wa kuzirudisha kuwa metali, zinabaki zikielea. Anayeondoka upande mmoja na kupokewa upande wa pili ni shaba peke yake. Hakuna chujio, hakuna mtu anayechambua kwa mkono. Baada ya wiki tatu hivi bamba zito limekwisha, na upande wa pili kuna shaba yenye usafi wa asilimia 99.99. Tope la chini ya birika huzolewa kwa uangalifu kuliko kitu chochote kiwandani, kwa sababu dhahabu ya makinikia imo humo.

Nimelieleza jambo hili mara nyingi na bado halijanichosha. Lakini kwa afya yako, shika neno moja: ioni. Shaba iliyo metali unaweza kuivaa miaka 40 isikufanye lolote, zuri wala baya. Shaba iliyo ioni ina njaa. Inashika protini yoyote inayoikuta na kuiharibu: ya ukungu, ya bakteria, ya mbegu za kiume, ya ukuta wa utumbo wako. Haina macho ya kuchagua. Ndiyo maana wakulima wa kahawa Kilimanjaro walipulizia mrututu kupambana na chulebuni, na ndiyo maana viuatilifu vya shaba vingali vinapulizwa kwenye nyanya.

Wazee hawakuwa wajinga. Mrututu waliupaka juu ya donda ndugu, kidogo, uchome nyama iliyooza. Hata madaktari wa Ulaya waliwahi kuunywesha kwa makusudi ili mtu aliyemeza sumu atapike, wakauacha walipoona dawa yenyewe inaongeza sumu juu ya sumu. Hawa wa leo, wenye turubai, spika na kipaza sauti, wameokota kilichotupwa na kukiita “dawa ya asili”. Asili gani? Ni maji ya birika la kiwandani yaliyokaushwa.

Gramu moja ya mrututu, isiyofika hata robo ya kijiko cha chai, inatosha kumchafua mtu mzima. Tumbo linaungua, anatapika na kuharisha. Matapishi yanaweza kuwa na rangi ya buluu au kijani, na hapo ndipo mganga hutamba: “Umeona? Uchafu unatoka.” Bwana, rangi hiyo ni mrututu wako mwenyewe. Ukiingia kwenye damu, ioni hupasua chembe nyekundu. Mkojo unakuwa mweusi kama kahawa, macho yanageuka manjano kwa kuumia ini, figo zinasimama. Gramu 10 hadi 20 zimeua watu wazima. Na mwenye kidonda tumboni ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa ukuta anaoumwagia tayari umeliwa.

Februari 18, 2025 huko Chambishi, Zambia, bwawa la masalia la mgodi wa shaba wa kampuni ya Sino-Metals lilipasuka. Maji ya asidi yenye metali yaliingia mto Kafue, samaki wakafa, mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya bomba. Nchi nzima ilishtuka. Kwetu watu wanalipia glasi ya maji ya ukoo huohuo.

Halafu kuna wanaochanganya shabu na mrututu. Shabu ni jeupe, halina shaba hata chembe, na ndilo ambalo wengi hutumia kutuliza tope kwenye maji ya bwawa. Mrututu ni wa buluu. Ukikosea jiwe, umewanywesha sumu watu wa nyumba nzima.

Bangili, kitanzi na juisi ya nanasi

Bangili ya shaba ni metali, kwa hiyo haifanyi kitu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha matokeo ya wagonjwa 70 wa baridi yabisi ya viungo waliovaa kwa zamu bangili za shaba na mikanda ya sumaku, ya kweli na ya kughushi. Maumivu na uvimbe havikuonyesha tofauti ya maana. Ile alama ya kijani mkononi si “sumu inayovutwa na bangili”. Ni jasho lako limeila shaba kidogo. Ivae kwa urembo, umeze vidonge vya presha.

Kitanzi ni habari nyingine, maana hapo ioni imepewa kazi. Waya wa shaba uliozungushwa kwenye kitanzi huachia ioni kidogo kidogo ndani ya mji wa mimba, kiasi kilicho kidogo sana ukilinganisha na shaba iliyo kwenye chakula cha siku, lakini kinatosha kuzilemaza mbegu za kiume. Kinafanya kazi miaka 10 au zaidi. Damu ya mwezi inaweza kuongezeka, na kwa nadra sana kinaweza kutoboa mji wa mimba, ndiyo maana unaambiwa urudi kliniki kukaguliwa. Njia ya kwenda moyoni haipo.

Jagi la shaba kweli huua baadhi ya bakteria kwenye maji yaliyolala. Sibishi. Lakini Kiwangwa ni nchi ya mananasi, na juisi ya nanasi ni chachu kiasi cha kung'arisha sarafu ya shaba iliyofubaa. Kinachoondoa kufubaa huko kinaitia shaba kwenye juisi. Usiiweke kwenye jagi hilo, wala ya ukwaju, ndimu au maziwa ya mgando. Bibi zetu walijua: sufuria, ambayo hata jina lake linatokana na neno la Kiarabu la shaba, haikupikiwa bila kupakwa bati ndani. Kuhusu shaba ambayo mwili unaihitaji kweli, ni chini kidogo ya miligramu 1 kwa siku. Konzi ya korosho inakupa zaidi ya nusu yake, maharage na maini yanamalizia.

Kiwangwa hakuna mgodi, ila popote palipo na mnunuzi wa vyuma chakavu kuna vijana wanaochoma nyaya ili wapate kopa. Huo nao ni usafishaji wa shaba, tena mbaya kuliko wote. Plastiki ya waya ikiungua hutoa gesi ya asidi na dayoksini, na moshi unatua kwenye mboga za jirani. Wachune kwa kisu.

Aliyekwisha kunywa mrututu asitapishwe kwa nguvu, kwa kuwa kitu kilichochoma koo kikishuka kitachoma tena kikipanda. Asukutue mdomo, apelekwe hospitali mara moja, na pakiti iende naye ili daktari aone ni nini. Usisubiri rangi ya mkojo ibadilike.

Kijana wa Kiwangwa alikuwa amekunywa siku moja tu, akatapika, akaacha mwenyewe. Mama yake alimpeleka kupimwa choo. Ana bakteria wa tumbo, Helicobacter pylori, walewale ambao Barry Marshall na Robin Warren walitunukiwa Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba ndio wanaosababisha vidonda vya tumbo kwa watu wengi. Ameandikiwa antibiotiki na dawa ya kupunguza asidi, siku 14. Mrututu uliobaki bado upo, umefungwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, mbali na chumvi, kwa sababu muuzaji amekataa kurudisha fedha.