Shule Hazijengwi kwa Matangazo

Kiwanda cha MG Rover kilipofungwa Aprili 2005, Longbridge, pembezoni mwa Birmingham, ilipoteza ajira zipatazo 6,000 kwa mkupuo. Miaka sita baadaye, Bournville College ilifungua jengo lake jipya kwenye ardhi ya kiwanda hicho, ili vijana wasomee ufundi mahali ambapo wazazi wao walikuwa wakiunda magari. Kwa mji uliopigwa pigo kama hilo, fedha za umma za kujenga madarasa ni riziki ya kesho. Ndiyo maana naamini serikali inayotangaza fedha za kuchochea uchumi bila kuhakikisha zitafika inaweza kuuacha mji pabaya kuliko ule ulioambiwa tangu mwanzo kwamba hakuna kitu.

Tazama yaliyovikuta vyuo vya Uingereza. Novemba 2008 Waziri wa Fedha, Alistair Darling, alitangaza kwamba pauni bilioni 3 za ujenzi wa umma, shule zikiwemo, zitatumika mapema ili kupambana na mdororo. Wakati huohuo baraza lililogharimia vyuo, LSC, lilikuwa limepitisha maombi kupita uwezo wa mfuko wake. Miradi 144 ilikwama, na kati yake 79 ilikuwa imekwisha kukubaliwa kimsingi. Mkuu wa baraza hilo alijiuzulu Machi 2009. Bajeti ya Aprili iliongeza fedha, lakini kufikia Juni ni vyuo 13 tu vilivyoruhusiwa kuendelea. Kukubaliwa kimsingi si jambo la karatasi tu: chuo huajiri wasanifu, hupima udongo, na huacha kukarabati paa linalovuja kwa sababu jengo litabomolewa. Mradi ukikwama, gharama hizo hazirudi, na paa bado linavuja.

Wapo wanaosema serikali haiwezi kujifunga wakati uchumi unayumba, na kwamba vyuo vyenyewe vilijitanua mno. Hoja ya pili ina uzito. Bournville College yenyewe ililemewa kifedha, na mwaka 2017 iliunganishwa na South and City College Birmingham. Lakini aliyeidhinisha ramani hizo ni mfadhili mwenyewe, tena ndiye pekee aliyekuwa na hesabu ya mfuko mzima. Ama kuhusu kuyumba kwa uchumi, fedha za kichocheo zina maana pale tu mkandarasi anapothubutu kuajiri, na hathubutu kwa ahadi inayoweza kufutwa. Walimu wakuu wa Kenya, wanaosubiri mgawo wa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari huku wakidaiwa na wauza vyakula, wanalijua hili vizuri.

Jirani ya Birmingham, Sandwell, hali ilikuwa chungu zaidi. Julai 2010 Waziri wa Elimu Michael Gove alifuta mpango wa kujenga upya shule za sekondari. Orodha yake ya kwanza ilionyesha kimakosa kwamba shule tisa za Sandwell zingeendelea, kisha zikaambiwa hapana. Halmashauri sita, Sandwell ikiwemo, zilikwenda Mahakama Kuu, na Februari 2011 jaji akaamua kwamba waziri alikosea kutozisikiliza. Gove aliyaangalia upya maamuzi yake, akakataa kurudisha majengo, ila akakubali kulipa gharama za mikataba ambayo halmashauri zilikuwa zimeingia. Malipo hayo yangepaswa kuwa sharti la sheria tangu siku ya idhini ya kwanza, bila halmashauri kulazimika kwenda mahakamani.