Kompyuta za Bei Nafuu: Ukali Uelekezwe Panapostahili

Ni jambo la kawaida siku hizi kuingia katika shule ya sekondari, zahanati au ofisi ya kata katika mwambao wetu huu, kutoka Horohoro hadi Pangani, na hata ukivuka maji kwenda Wete na Chake Chake, ukaikuta kompyuta juu ya meza. Iko aina moja iliyopendwa upesi. Ni ile ya mezani ambayo kioo, mtambo na spika zake vyote vimo katika gamba moja. Haina kisanduku cha pembeni wala msitu wa nyaya. Zile za bei ya chini za aina hii zimepata sifa mbaya kwa wahakiki wa mitambo wa Ulaya na Marekani, ambao huzihesabu kuwa zenye mwendo mzito, kioo hafifu na maisha mafupi. Swali tunalopenda kuliuliza leo ni hili: je, ukali huo ni wa haki? Na je, unatufaa sisi, ambao fedha za kununulia vyombo hivi ni za shule, za halmashauri, yaani za wananchi?

Kwanza tuwatendee haki wahakiki hao, maana mengi wasemayo ni kweli. Ili bei ishuke, mtengenezaji huchukua viungo vya kompyuta mpakato, tena vya daraja la chini, akavitia nyuma ya kioo kikubwa. Prosesa huwa ya jamii ya Celeron au inayolingana nayo. Kumbukumbu ya kufanyia kazi mara nyingi huwa gigabaiti 4. Na hazina yake huwa ama diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika, ama kipande kidogo cha gigabaiti 64 kilicholehemewa moja kwa moja ndani ya mtambo. Karani akiiwasha asubuhi, huweza kumaliza kikombe cha kahawa kabla haijawa tayari kumtumikia.

Inafaa ikumbukwe kwamba gigabaiti 4 za kumbukumbu na 64 za hazina ndizo kampuni ya Microsoft ilizozitaja mwaka 2021 kuwa kiwango cha chini kabisa cha kuendeshea Windows 11. Kiwango cha kuruhusiwa kupita mlangoni hakiwezi kuwa kiwango cha kufanyia kazi kutwa nzima. Muuzaji anayelijua jambo hilo na kulinyamazia, huku akikisifu chombo chake kwa wembamba wa gamba na ukubwa wa kioo, anastahili kila neno kali aliloandikiwa.

Hata hivyo, mizani ya mhakiki wa London si mizani ya mwalimu wa Muheza. Mhakiki huipima kompyuta kwa michezo, sinema na kazi za picha, na anapoikataa hii ipo nyingine bora katika duka la jirani kwa nyongeza ya bei ambayo wasomaji wake wanaimudu. Mwalimu wetu anataka kutunga mitihani, kujumlisha alama, kuchapa barua na kuingia katika mifumo ya Serikali. Mara nyingi anachochagua ni kati ya kompyuta hafifu na kutokuwa na kompyuta kabisa. Wazee wetu walisema mchagua jembe si mkulima. Wala wahakiki si watu wasiokosea: kampuni ya Apple ilipotoa iMac yake ya kwanza mwaka 1998, nayo ikiwa ya gamba moja, wengi waliikemea kwa kukosa mahali pa kutilia diski laini. Kompyuta hiyo ilinunuliwa kwa wingi, na diski laini ndizo zilizotoweka.

Nchi yetu inalo funzo lake katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza Tanzania Bara ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuzitia hesabu za Serikali ndani ya mtambo lilikwenda mrama, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni kutoka nchi za nje. Hatuwalaumu waliokata shauri hilo. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla, na taifa lilikuwa na mahitaji ya kwanza kuliko hayo. Lakini tukitazama nyuma twaona kwamba hukumu ilikiangukia chombo, ambapo sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa upungufu wa watu waliofunzwa kukiendesha na kukikagua. Marufuku ile ililegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata, na wakati huo vijana wengi walimaliza masomo bila kukigusa chombo ambacho baadaye walitakiwa kukifanyia kazi. Ukali usiochagua pa kuangukia una gharama zake.

Basi ukali uangukie wapi? Sisi wa Tanga tunacho kipimo karibu. Mji wetu unajulikana kwa baiskeli. Zipo za bei ya chini kabisa, nzito, zisizo na fahari, nazo hubeba mikate alfajiri, samaki adhuhuri na watoto wa shule jioni. Hakuna mwenye akili anayezilaani kwa kuwa si pikipiki. Sababu ni moja: spoki ikikatika au mnyororo ukilegea, fundi yuko chini ya mwembe wa pili, vipuri viko dukani, na kabla ya swala inayofuata mwenyewe ameondoka nayo. Urahisi wa bei haumdhuru mtu ikiwa chombo chenyewe kinatengenezeka.

Kwa kipimo hicho, kompyuta hizi zagawanyika makundi mawili. Ziko ambazo mgongo wake hufunguka kwa skurubu, kumbukumbu yake huongezwa, na diski yake ya kuzunguka hubadilishwa kwa diski tuli isiyo na kiungo kinachozunguka. Mabadiliko hayo mawili huweza kukipa uhai mpya chombo kilichokwisha kukatiwa tamaa. Ziko na nyingine ambazo kila kitu kimelehemewa, gamba limegandishwa kwa gundi, na kioo kikipasuka kompyuta nzima imekufa. Za kundi la kwanza zinastahili kuvumiliwa. Za kundi la pili zisemwe bila huruma, hata zikiwa na sura nzuri kiasi gani.

Yapo pia mambo ambayo wahakiki wa mbali hawayapimi. Kisiwa cha Pemba hupata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka hapa Tanga mwaka 2010, wa urefu wa kiasi cha kilometa 78. Ndugu zetu wa Unguja hawajasahau kiza cha miezi mitatu hivi, kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wao ulipoharibika. Kwa watu wa namna hii, kompyuta inayotumia kiasi cha wati 40, wakati kisanduku cha zamani pamoja na kioo chake huweza kupita wati 100, si jambo la kudharauliwa, hasa penye umeme wa jua. Lakini kompyuta ya gamba moja kwa kawaida haina betri. Umeme ukikatika, kazi ambayo haijahifadhiwa imekwenda na maji. Tena hewa ya chumvi ya pwani hula viungo vya ndani, na chombo kisichofunguka hakisafishiki. Anayenunua hana budi kuihesabu bei ya betri ya akiba pamoja na bei ya kompyuta.

Wako wanaoshauri kwamba ni afadhali kununua kompyuta kuukuu ya ofisi za Ulaya, iliyokuwa ya daraja la juu siku zake. Ushauri huo una maana, lakini una shimo ndani yake. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi kuukuu hazikubaliwi na Windows 11. Anayezitaka awe tayari kutumia programu huria kama Linux, na awe na mtu wa kumfundisha.

Tusichanganye pia kitu rahisi na kitu bandia. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizizima simu bandia nchini kote. Kilichohukumiwa siku ile kilikuwa udanganyifu. Kompyuta hafifu inayouzwa kwa jina lake na vipimo vyake vya kweli ni biashara halali. Ile inayobandikwa karatasi ya sifa isizokuwa nazo ni wizi, na ukali wa sheria uifuate hadi dukani.

Sasa twawageukia viongozi na watendaji. Msingi wa ununuzi wa umma ni thamani ya fedha, wala bei ndogo peke yake haitoshi kuithibitisha thamani hiyo. Kabla zabuni haijatangazwa, vipimo vyake viandikwe na mtu anayeijua kazi itakayofanywa. Kumbukumbu isipungue gigabaiti 8, diski iwe tuli, mgongo ufunguke, na fundi wa dhamana apatikane katika mkoa au kisiwa husika. Dhamana inayomlazimu mtu wa Wete kusafirisha kompyuta hadi Dar es Salaam ni dhamana ya karatasi tu. Na siku ya kupokea mzigo, mitambo iwashwe na kukaguliwa mbele ya mashahidi, ilinganishwe na zabuni, kisha ndipo sahihi itiwe.

Tunayasema haya kwa kuwa hasara yake haiishii kwenye meza ya ofisa. Mgonjwa aliyekuja na jahazi kutoka kisiwani husubiri dirishani wakati kompyuta ya zahanati inahangaika kufungua jalada lake. Mwanafunzi ambaye chumba cha kompyuta cha shule yake kimegeuka ghala la vioo vyeusi hufundishwa kompyuta kwa chaki.

Kwa hiyo basi, jibu letu ni kwamba wahakiki waendelee kuwa wakali, nasi tuwasome, lakini tuwasome tukiwa na mizani yetu wenyewe mkononi. Unyonge wa bei si kosa. Kosa ni la mtengenezaji anayeziba njia ya fundi, la muuzaji anayeficha vipimo, na la mnunuzi wa umma anayetia sahihi bila kufungua sanduku. Hao watatu ndio wanaostahili kukaripiwa, na huyo wa tatu tunaye hapa hapa nyumbani.