Umenunua Laptopu Mpya? Usiiuze ya Zamani Kwanza

Ijumaa ile nilitoka Kariakoo na laptopu mpya begani, furaha tele. Ile ya zamani, ambayo kioo chake kilishikiliwa na gundi na feni ilikuwa ikinguruma kama mashine ya kusaga, niliiacha dukani kama sehemu ya malipo. Sikuwa na wasiwasi. Folda yangu ya nyimbo nilikuwa nimeshainakili kwenye diski ya nje.

Usiku nikafungua wimbo wa kwanza kati ya 6 za kikundi chetu cha kwaya. Ngoma zikapiga, besi ikapiga, lakini mwimbaji kiongozi kimya. Kwenye skrini kukawa na ujumbe kwamba faili halionekani. Nikafungua wa pili, hivyo hivyo. Nyimbo zote 6 hazikuwa na sauti yake.

Dada huyo alimaliza mwaka wa tatu na sasa yuko kwao Songea. Sauti ile tuliirekodi hosteli usiku mmoja, tumetundika mablanketi dirishani ili kelele za bodaboda zisiingie. Wenzangu 14 walichanga kutoka kwenye bumu lao ili kazi ile ikamilike, wakanikabidhi mimi. Sasa sauti ilikuwa ndani ya laptopu niliyoiacha Kariakoo, na muuzaji alishaniambia kuwa kesho yake wangeifuta na kuipiga Windows upya.

Nimeandika makala hii kwa ajili ya yeyote anayetengeneza muziki chumbani kwake, iwe ni singeli, injili au Bongo Fleva, na siku moja atabadilisha kompyuta.

Wimbo si faili moja

Kosa langu lilianzia hapa. Faili la wimbo ni sawa na karatasi ya mapishi ya pilau. Linasema chukua mchele ule, bizari ile, moto kiasi hiki. Pilau lenyewe halimo humo.

Mimi natumia FL Studio. Faili lake la wimbo hutunza mpangilio wa noti, viwango vya sauti, na anwani za vitu vingine: rekodi iko folda gani, sampuli ya ngoma iko wapi, plagini gani inapiga kinanda. Rekodi zangu za sauti hazikuwa kwenye folda ya nyimbo hata siku moja. Programu ilizihifadhi kwenye folda yake yenyewe, iitwayo Recorded, ndani ya Documents. Mimi nilibeba karatasi za mapishi, nikaacha mchele jikoni.

Dawa yake ipo na ni rahisi. Kwenye FL Studio, nenda File, kisha Export, uchague "Zipped loop package". Programu itakusanya wimbo pamoja na sampuli na rekodi zake katika furushi moja. Anayetumia Ableton Live atumie "Collect All and Save", na wa Cubase ana "Backup Project". Fanya hivyo kwa kila wimbo, sio ule unaoupenda tu. Lakini kumbuka: furushi hilo halibebi plagini.

Plagini hazibebwi, zinasanikishwa upya

Plagini ni programu ndogo inayoishi ndani ya programu kubwa: kinanda, mwangwi, kisafisha sauti. Wengi wetu tunadhani ukinakili folda ya VST3 kutoka Program Files umemaliza kazi. Hapana. Plagini nyingi zinapowekwa huacha vipande vyake sehemu kadhaa: faili moja hapa, sauti zake kule, taarifa za leseni kwenye rejista ya Windows. Ukibeba kipande kimoja, ama haifunguki kabisa, ama inafunguka na kudai leseni.

Kwa hiyo kabla ya kuhama, chukua daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika jina la kila plagini unayoitumia, toleo lake, akaunti uliyonunulia na baruapepe uliyojiandikishia. Andika pia kama ni VST2 au VST3, maana kwa wimbo wako hizo zinaweza kuwa plagini mbili tofauti hata kama jina ni moja. Plagini ya zamani ya biti 32 iwekee alama, kwa sababu programu nyingi za leo ni za biti 64 na si zote zinazoikubali. Na kama unatoka Windows kwenda Mac, hakikisha plagini hiyo ina toleo la Mac.

Kuna habari njema kwa wenye bando la kuungaunga. Maktaba kubwa za sauti, zile za magigabaiti, mara nyingi si lazima kuzipakua upya. Nakili folda yake kwenye diski ya nje, sanikisha plagini, kisha ionyeshe folda ilipo. Mipangilio ya sauti uliyoitengeneza mwenyewe nayo ihifadhi, maana kampuni haina nakala yake.

Leseni ina idadi ya viti

Leseni nyingi huruhusu kompyuta mbili au tatu tu. Ableton Live, kwa mfano, huruhusu mbili. FL Studio yenyewe hainisumbui: unaingia kwenye akaunti yako, inafunguka, na matoleo mapya ni bure kwa aliyenunua. Lakini plagini moja niliyoinunua kwa kujinyima ilikataa. Viti vilikuwa vimejaa, na kimoja kilikaliwa na laptopu iliyokuwa Kariakoo.

Ndiyo maana nasema usiiuze ya zamani kwanza. Ingia kwenye kila plagini au kwenye akaunti yake, uiondoe leseni kwenye mashine ya zamani. Leseni za iLok zinaweza kukaa ndani ya kompyuta, kwenye kifaa chake cha USB, au mtandaoni. Zikiwa ndani ya kompyuta, zirudishe kwenye akaunti kabla mashine haijafutwa.

Chapa kila traki kama WAV

Hii ndiyo bima yangu sasa. Kila wimbo ninaoujali nautoa traki moja moja kama WAV: sauti peke yake, besi peke yake, ngoma peke yake, zote zikianzia sekunde ya kwanza ya wimbo ili zikae sawa ukizipanga upya. Sauti ya mwimbaji naitoa mara mbili, ikiwa kavu na ikiwa na mwangwi wake. WAV haihitaji leseni wala plagini. Itafunguka kwenye programu yoyote, hata miaka 10 ijayo.

Inakula nafasi, sikatai. Traki ya dakika 4, ya stereo, kwa biti 24 na kHz 44.1, ni kama MB 64. Traki 20 ni kama GB 1.3. Hata hivyo flashi ya GB 16 ilitosha kubeba nyimbo zetu zote 6.

Ukifika kwenye mashine mpya, nenda kwa utaratibu huu: sanikisha kwanza draiva ya kifaa chako cha sauti, kisha programu kuu, halafu plagini, mwisho nyimbo. Fungua wimbo mmoja mmoja na uusikilize mwanzo hadi mwisho. Usitazame skrini tu ukasema umefunguka.

Tuseme ukweli kuhusu kreki

Jumamosi nilipanda daladala ya alfajiri, nikafika kabla duka halijafunguliwa. Laptopu ilikuwa bado haijaguswa. Muuzaji alinicheka, lakini aliniachia saa nzima pale kaunta. Nilizitoa rekodi zote na kuiondoa ile leseni. Sauti ya dada yetu ikapona.

Wimbo mmoja haukupona wote. Vinanda vyake vya nyuzi vilitoka kwenye plagini ya kreki niliyopewa na mshikaji kwenye flashi mwaka wa kwanza. Kwenye laptopu ya zamani nayo ilikuwa imeshagoma tangu nilipoisasisha Windows, nami nilikuwa nikiahirisha kuishughulikia. Haikuwa na akaunti, haikuwa na toleo jipya, wala hapakuwa na mtu wa kumwandikia kuomba msaada. Nilitafuta nakala nyingine mtandaoni; ya kwanza niliyoipakua ilikuja na virusi. Nikaacha. Nilizipiga upya nyuzi zile kwa plagini ya bure. Zinafanana, lakini si zenyewe, na mwenzetu aliyezipanga alijua papo hapo.

Siwezi kujifanya mtakatifu. Najua bei ya plagini moja inaweza kumeza bumu zima. Lakini zipo za bure na halali, na zipo za bei nafuu. Muziki wa mtu mwingine ukiujenga juu ya kreki, unamwekea rehani bila kumwambia. Mimi ilibidi nisimame mbele ya watu 14 na kueleza.

Laptopu ya zamani sasa ningeishika angalau wiki mbili baada ya kununua mpya. Kama huwezi kusubiri kwa sababu ya fedha, basi toa WAV leo usiku, kabla ya kulala. Mashine zetu ni za mitumba na hazitoi taarifa kabla ya kufa.