UZI: Sindano ya pepopunda, na hizi video za "kufichua njama"

Uzi kidogo, watu wangu. Wiki hii nimetumiwa kipande kimoja cha video na watu sita tofauti, akiwemo binamu yangu aliye na mimba ya miezi mitano. Kinatoka kwenye ule mfululizo wa kuchunguza njama: muziki wa kutisha, sauti nzito, kisha swali, "Mbona walidungwa wanawake pekee?" Binamu akaniuliza, "Wewe ndiye msomi wa siasa, nidungwe ama nisidungwe?"

Mimi si daktari. Nilimwambia aende kliniki aulize huko. Lakini hii stori iliingia kwenye siasa zetu kitambo na haijatoka, na kila msimu wa kampeni mtu huiokota tena. Hebu tuifungue polepole.

Kwanza, msimcheke anayeshuku. Mkenya ana sababu. Goldenberg ilikuwa njama, na ilitokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 pesa za umma zililipwa kama fidia kwa dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje, ilhali nchi hii haikuwa inachimba almasi yoyote ya maana. Anglo Leasing nayo: kandarasi za vifaa vya usalama kwa kampuni hewa. Ukimwambia mtu aliyeishi miaka hiyo kwamba "njama hazipo", yeye ndiye atakucheka.

Sasa dai lenyewe. Kati ya 2013 na 2014 serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ilichanja wanawake wa miaka 15 hadi 49 dhidi ya pepopunda katika sehemu kadhaa za nchi. Maaskofu wa Kanisa Katoliki na chama cha madaktari Wakatoliki wakasema wamepeleka sampuli kwenye maabara na zimepatikana na hCG, yaani ile homoni ya ujauzito. Hofu yao: mwili ukizoeshwa kupigana na homoni hiyo, mimba haitashika. Kwa lugha ya mtaani, wanawake wanafanywa tasa kisirisiri.

Hili hawakuliokota hewani, na hapo ndipo video nyingi za kupinga huharibu, kwa sababu hurukia "ni uongo" bila kueleza lilikotoka. Kuanzia miaka ya 1970 wanasayansi walitafuta kweli chanjo ya kupanga uzazi inayolenga hCG. Shirika la Afya Duniani lilikuwa na kikosi cha utafiti huo, na India walikuwa na wao. Kwa kuwa mwili haupigani na homoni yake wenyewe kirahisi, waliibandika homoni kwenye protini ambayo mwili huishambulia haraka. Mojawapo ya protini walizotumia ilikuwa, naam, ile ya chanjo ya pepopunda.

Kwa hivyo ukimwonyesha mtu karatasi za utafiti zenye maneno "hCG" na "pepopunda" kwenye sentensi moja, hujamdanganya. Karatasi zipo. Uongo huingia kwenye hatua inayofuata, pale mtangazaji anaposema "na ndiyo hii waliyotudunga" bila kuvuka daraja lolote.

Matokeo ya jaribio la India yalichapishwa 1994. Walioshiriki walikuwa wanawake 148 waliojua wanajaribiwa nini. Hata kwao kinga ilipungua na muda, na ilipopungua waliweza kushika mimba. Yaani chanjo iliyotengenezwa makusudi kuzuia mimba haikuweza kumfanya mtu tasa daima. Hicho kipande hakikatwi na kuwekwa TikTok. Na tetesi hizihizi za pepopunda zilishazunguka Mexico na Ufilipino katikati ya miaka ya 1990, miaka ishirini hivi kabla ya kufika kwetu.

Sasa, "mbona wanawake pekee?" Ni swali zuri. Wanaume nao hukanyaga misumari. Jibu ni kwamba kampeni ile haikulenga misumari. Ililenga mtoto mchanga. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha mifugo. Mama akijifungulia nyumbani, kitovu kikakatwa kwa wembe mchafu au kikapakwa kitu, mtoto anaambukizwa. Siku chache baadaye anaacha kunyonya, mwili unakakamaa, na bila matibabu wengi hufa. Mtoto wa siku moja huwezi kumchanja na kinga ikawahi. Unamchanja mama, kingamwili zinapita kwenye kondo hadi kwa mtoto tumboni. Ndiyo maana miaka 15 hadi 49: ni miaka ya kuzaa. Video inatumia umri huohuo kama ushahidi wa uhalifu.

Tuje kwa maabara, manake hapa ndipo ubishi wote ulipo. Serikali na Shirika la Afya Duniani walijibu kwamba vipimo vilivyotumika ni vya kawaida vya hospitali, vilivyoundwa kusoma damu au mkojo wa binadamu. Chanjo si damu. Ina chumvi za aluminiamu na dawa ya kuihifadhi isiharibike, na ukiitia kwenye kipimo cha mimba jibu unalopata huenda lisiwe na maana. Pili, kichupa kilitoka wapi? Nani alikishika njiani, nani alikifungua? Kamati ya pamoja ya serikali na kanisa iliundwa, vichupa vingine vikapimwa, na hata hapo pande hizo hazikukubaliana kuhusu maana ya majibu.

Wengi huachia hapo: huyu anasema hivi, yule anasema vile, amua mwenyewe. Naona huo ni uvivu. Kuna njia ya kwenda mbele, nayo ni kuuliza: kama dai ni kweli, tungeona nini kingine?

Tungeona uzazi ukianguka ghafla baada ya 2014, hasa kwa wanawake waliodungwa na sehemu walizodungwa. Tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya zipo. Wastani wa watoto kwa mwanamke Kenya ulikuwa 6.7 mwaka 1989, 4.9 mwaka 2003, 4.6 mwaka 2008/09, 3.9 mwaka 2014, na 3.4 mwaka 2022. Ndiyo, unashuka. Lakini ulianza kushuka miongo kabla ya kampeni, pamoja na wasichana kukaa shule zaidi na wanawake wengi kutumia uzazi wa mpango kwa hiari yao. Hakuna shimo la ghafla. Mtangazaji akikuonyesha zile namba mbili za mwisho pekee, muulize za 1989 na 2003 ziko wapi.

Linganisha na Goldenberg. Ile njama iliacha karatasi. David Munyakei, karani wa Benki Kuu, aliziona fomu za mauzo ya nje zikipita mezani pake, akagundua hazieleweki, akazitoa. Alipoteza kazi. Njama ya kweli ina risiti, sahihi na tarehe, na kuna mtu aliyeumia kwa kuzitoa. Miaka zaidi ya kumi baada ya sindano, na manesi kwa maelfu walioishika, karatasi ya aina hiyo haijatokea.

Serikali nayo isijifiche hapa. Maaskofu walilalamika mapema kwamba kampeni haikuzinduliwa hadharani wala wadau kushirikishwa, na hilo ni lalamiko la haki kabisa. Ukienda kudunga mamilioni ya wanawake bila kuwaeleza mbona wao na mbona sasa, mtu mwingine atawaeleza kwa niaba yako.

Na wanasiasa huliona hilo pengo. Septemba 2017, Mahakama ya Juu ikiwa imetoka kufuta uchaguzi wa urais na nchi ikisubiri marudio ya Oktoba, dai la sindano likarudi kwenye jukwaa la siasa. Hebu fikiria huo wakati. Watu walikuwa wametoka kuonyeshwa kortini kwamba kushuku kwao kuhusu uchaguzi kulikuwa na msingi. Ukiwapa shaka nyingine siku hizo wanaimeza nzima. Ile ya uchaguzi ilipita mbele ya majaji, fomu kwa fomu. Ya sindano ilipita kwenye kipaza sauti tu. Mwaka 2022 ikatengenezewa filamu nzima Marekani, na vipande vya aina hiyo ndivyo vinavyozunguka WhatsApp za shangazi zetu.

Nikitazama hii mifululizo siku hizi nasubiri kitu kimoja: mtangazaji aseme ni ushahidi gani ungemfanya abadili mawazo, kisha aende kuutafuta mbele ya kamera. Wachache hufanya hivyo, na hizo nazitazama hadi mwisho, hata kama sipendi jibu. Kile kipande cha wiki hii kina maswali kumi na moja (nilihesabu) na hakuna hata moja alilojaribu kujibu. "Mimi nauliza tu," anasema. Sawa. Lakini simu za hospitali zinapokelewa, na ripoti za takwimu ni za bure.

Binamu alienda kliniki Jumanne. Nesi alimwonyesha kichupa, akamsomea lebo, akamweleza ile ya kitovu na kondo. Ilichukua kama dakika nne. Kilichomkasirisha ni kwamba hii ni mimba yake ya pili, ya kwanza alidungwa hiyohiyo sindano, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia ni ya nini.