USIKU WA ZIWANI HUANDALIWA MCHANA



Kharumwa haiko ufukoni. Ni makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, Mkoa wa Geita. Wengi wetu hapa ni wakulima, wafugaji na wachimbaji wa dhahabu. Hata hivyo, ziwa haliko mbali nasi. Kijana akikosa riziki shambani au duarani, hupanda gari kwenda Sengerema, Nkome au Mwanza kutafuta kazi ya majini.

Kazi mojawapo ya siku hizi ni kulinda samaki. Katika Ziwa Victoria watu hufuga sato ndani ya vizimba. Kizimba ni fremu inayoelea, yenye wavu mkubwa unaoning'inia majini. Samaki hulishwa humo mpaka wakue. Mwezi Januari 2024 Serikali ilikabidhi boti na vizimba vya mkopo jijini Mwanza, ili wananchi wengi waingie katika kazi hii.

Lakini samaki wa kizimba huweza kuibwa usiku. Kwa hiyo mlinzi hulala huko huko majini. Pengine hulala ndani ya mtumbwi. Pengine hulala juu ya chelezo. Chelezo ni jukwaa la mbao lililofungwa juu ya mapipa au madumu matupu. Juu yake hujengwa kibanda kidogo cha turubai. Wenye kazi hukiunda wenyewe kwa nyundo, misumari na kamba.

Mama mmoja alituuliza zahanati: "Mwanangu daktari, kijana wangu amepata kazi hiyo. Kuogelea hajui. Nimwambie nini?"

Mama, mwambie hivi: usiku wa ziwani huandaliwa mchana. Jambo ambalo hukulifanya kabla jua halijazama, gizani hutaliweza.

MAJI HUUA KIMYA

Watu hudhani kwamba mtu anayezama hupiga kelele. Mara nyingi hapigi. Mdomo wake unaingia maji, na pumzi ya kuitia hana. Huzama kwa dakika chache tu.

Fikiri jambo hili. Ni saa 8 usiku. Mlinzi anaamka kwenda haja ndogo. Anasogea ukingoni. Mbao zimelowa umande. Anateleza. Mwenzake amelala na hakusikia kitu. Asubuhi zinakutwa kandambili tu.

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Wengi wao wangeweza kuokolewa kwa vitu vidogo, kama kamba, jaketi na mtu wa pili aliye macho.

Kuna mtu mmoja aliyeuonyesha ulimwengu faida ya kamba. Jina lake Poon Lim, baharia Mchina. Tarehe 23 Novemba 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, meli yake ilizamishwa katika Bahari ya Atlantiki. Alipata chelezo cha mbao, akakaa juu yake peke yake siku 133. Alikinga maji ya mvua kwa turubai, akavua samaki. Tarehe 5 Aprili 1943 wavuvi wa Brazili walimwokoa akiwa hai. Poon Lim hakuwa mwogeleaji hodari. Kwa hiyo mara nyingi alijifunga kamba mkononi, na ncha ya pili akaifunga kwenye chelezo. Alijua kwamba akiteleza mara moja tu, safari yake imekwisha.

KWANZA, KIPIME CHELEZO CHAKO

Pipa la lita 200, likiwa tupu na kufungwa vizuri, huweza kuelea na mzigo wa karibu kilo 190. Tupige hesabu pamoja. Mapipa 6 mara kilo 190 ni kilo 1,140. Lakini usipakie uzito wote huo. Mawimbi hupiga, pipa huweza kuvuja, na watu huweza kusimama upande mmoja. Basi pakia nusu tu, yaani kilo 570.

Mbao na kibanda vina kilo 300. Walinzi wawili wana kilo 140. Maji ya kunywa, chakula cha samaki na vyombo vina kilo 100. Jumla ni kilo 540. Zimebaki kilo 30. Je, rafiki wa tatu mwenye kilo 60 anaweza kuja kulala? Hapana. Mwambie abaki ufukoni.

Sisi watu wa machimboni tuwe na tahadhari nyingine. Mapipa yanayouzwa rahisi huenda yalibeba sayanidi au madawa mengine ya kuchenjulia dhahabu. Pipa la sumu usilitumie, hata ukilisuuza mara kumi. Litakudhuru wewe, litaua samaki, na litachafua maji ya watu wengine. Uliza pipa lilibeba nini. Usipopata jibu, liache.

Zungushia chelezo kamba mbili pande zote, moja usawa wa magoti, nyingine usawa wa kiuno. Kamba hizo ni ukuta wako gizani. Kila jioni kagua mafundo, misumari na vifuniko vya mapipa.

PILI, UJUE UPEPO

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Kwa hiyo upepo mara nyingi huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi, na upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Maana yake ni nini? Chelezo kikikatika kamba usiku, hakitakuja nyumbani. Huenda kikapelekwa katikati ya ziwa. Na Ziwa Victoria ni kubwa. Mtu aweza kupelekwa asione nchi kavu.

Basi tumia nanga mbili. Nanga moja ikiachia, nyingine ishike.

Tena, dhoruba kali za Ziwa Victoria hutokea sana usiku na alfajiri. Sikiliza redioni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka. Ukiona umeme unamulika kwa mbali, rudi nchi kavu mapema. Juu ya maji wewe ndiwe kitu kirefu kuliko vyote, na radi hupenda kitu kirefu. Samaki wana thamani, lakini uhai haununuliwi.

Usitie nanga karibu na matete au mdomo wa mto. Huko ndiko walipo viboko na mamba. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, na hapendi kuzibiwa njia.

TATU, JIFUNGE NA KUVAA

Vaa jaketi la kuokoa maisha muda wote, hata ukilala. Jaketi lililotundikwa ukutani haliokoi mtu. Waogeleaji hodari nao wavae, maana mtu aliyegonga kichwa haogelei. Na kuvuka lambo la ng'ombe si sawa na kuogelea ziwani usiku.

Ukitoka kibandani gizani, jifunge kamba kiunoni. Usijifunge shingoni. Ncha ya pili ifunge kwenye chelezo. Kamba iwe fupi. Fundo liwe la kufunguka kwa kuvuta mara moja, ili chelezo kikipinduka usinaswe chini yake.

Haja ndogo usiende kuifanyia ukingoni. Weka ndoo yenye mfuniko. Ndoo hiyo itumike na kwa haja kubwa, kisha ikamwagwe chooni nchi kavu. Kinyesi ziwani huleta kipindupindu na kichocho.

Msilale wote kwa pamoja. Mmoja alale, mmoja akeshe, mpeane zamu. Kila mmoja awe na filimbi shingoni na tochi. Simu itiwe katika mfuko wa nailoni usioingiza maji.

NNE, BARIDI NA MOTO

Mwili wa mtu mzima wa afya una joto la karibu digrii 37. Maji ya ziwa yana joto pungufu ya hapo, na maji hunyonya joto la mwili upesi sana kuliko hewa. Mtu aliyelowa na kupigwa na upepo hutetemeka. Baadaye maneno humchanganyika, mikono hulegea, na usingizi humshika. Usimwache hivyo. Mvue nguo mbichi, mkaushe, mfunike blanketi. Kama anaweza kumeza, mpe chai ya moto yenye sukari.

Pombe usimpe. Pombe humfanya ahisi joto, kumbe joto linatoka mwilini kwa ngozi. Tena mlevi hupoteza mizani na kuanguka majini.

Wengine huingiza jiko la mkaa ndani ya kibanda na kufunga turubai. Hiyo ni hatari kubwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu. Mtu hulala, wala haamki. Pikeni nje, jioni, na ndoo ya maji iwe karibu. Mkimaliza kupika zimeni moto. Blanketi ndilo jiko la kulalia.

TANO, MAGONJWA

Maji ya ziwa ni ya kuelea, si ya kunywa. Chukua maji yaliyochemshwa kutoka nyumbani, ndani ya dumu safi.

Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wanaokaa hasa katika maji ya ufukoni yenye majani. Huingia mwilini kwa kupenya ngozi. Hivyo hatari kubwa ni pale unapoingia majini kwa miguu kupanda mtumbwi. Vaa buti za mpira, au panda kwenye gati. Ukiona damu kwenye choo, au tumbo likikuuma mara kwa mara, nenda zahanati ukapimwe. Dawa ipo.

Mbu wa malaria huuma usiku. Funga chandarua ndani ya kibanda. Chandarua ni cha kulalia, si cha kuvulia dagaa.

Mtu mwenye kifafa asilale juu ya maji. Si kwa kumbagua, bali kifafa kikimshika ukingoni atazama. Apewe kazi ya nchi kavu. Mwenye homa naye abaki nyumbani mpaka apone.

MWENZIO AKIANGUKA MAJINI

1. Piga filimbi. Mmulike kwa tochi, wala usimpoteze machoni.

2. Usirukie maji. Anayezama hushika kwa nguvu, mkazama wote wawili. Mpe mti mrefu ashike, au mtupie dumu tupu lililofungwa kamba.

3. Akitolewa, mlaze chali mahali pagumu. Usimning'inize kichwa chini. Usimkandamize tumbo ili kutoa maji. Hayo hupoteza muda, na matapishi huweza kumziba pumzi.

4. Kama hapumui, inua kidevu chake, mzibe pua, mpulizie pumzi mdomoni mara 5. Kisha kandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu na haraka, mara 30. Mpulizie tena mara 2. Endelea hivyo, 30 kwa 2, bila kukata tamaa, mpaka apumue au msaada ufike.

5. Akipumua, mlaze ubavu na kumfunika. Hata akisema "nimepona", mpeleke hospitali. Mapafu yaliyoingia maji huweza kuleta shida saa chache baadaye.

Simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Iandike ukutani kwa mkaa, muione wote.

Kazi ya kukandamiza kifua hufundishwa kwa vitendo. Njooni zahanati kwa kikundi, mtufanyie mazoezi mbele yetu.

KABLA YA KUONDOKA UFUKONI

Mwachie mtu wa mwaloni jina lako, mahali chelezo kilipo, na saa ya kurudi. Vikundi vya BMU viko kwenye mialo kwa usimamizi kama huo. Usiporudi kwa saa uliyosema, watajua pa kuanzia kukutafuta. Mwajiri naye ana wajibu. Mwenye vizimba anunue majaketi kabla ya kuajiri walinzi. Kijana, usione haya kuuliza: "Jaketi langu liko wapi?" Kama hakuna jaketi, hakuna kulala majini.

Wazazi, mtoto wenu akiaga kwenda ziwani, msimwombee tu heri. Mpeni kamba, filimbi na blanketi. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa aliyezama usiku peke yake, tiba haipo.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini chelezo kikikatika kamba usiku huweza kupelekwa mbali na nchi kavu?

2. Chelezo kina mapipa 4 ya lita 200. Kwa kanuni ya nusu, kipakiwe kilo ngapi?

3. Kwa nini hatumrukii majini mtu anayezama?

4. Katika kijiji chenu, ni vijana wangapi wanafanya kazi ziwani? Wangapi wana jaketi?

Jibu la swali la pili ni kilo 380. Majibu mengine tafuteni katika makala hii. La nne mkalitafute kwa majirani.

Mganga Msaidizi,
Kharumwa