Neno la mwezi: ngome isiyotekwa, simba asiyefugika

Kitu kisichoshindika kinaitwaje kwa Kiingereza? Wengi wetu tunajua "invincible". Lakini liko neno lingine, adimu, ambalo hata Waingereza wengi hawalitumii: "inexpugnable".

Ninyi mliosoma kwa Kifaransa msishtuke, linaandikwa vilevile herufi kwa herufi, maana lugha zote mbili zimelitoa kwenye Kilatini. Ndani yake mna "pugnus", yaani ngumi. Basi ni kitu ambacho huwezi kukiteka kwa kupigana. Hutumika hasa kwa ngome au boma, na pia kwa hoja ambayo hakuna wa kuipangua.

Lakini jamani, kuta ni kuta tu. Tazameni Fort Jesus pale Mombasa. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kuta nene juu ya mwamba. Waomani wakaizingira Machi 1696. Waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi, na Desemba 1698 ngome ikatekwa.

Kwa mtu, Kiingereza kina neno linalofaa zaidi: "indomitable". Hili limetokana na kufuga: ni mnyama asiyefugika. Wapenzi wa mpira mnalijua, ndilo jina la timu ya Kameruni, Simba Wasiofugika. Mwaka 1990 kule Italia waliwafunga Argentina, mabingwa wa dunia, 1-0, ingawa walimaliza wakiwa wachezaji 9. Wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali. Hapo Uingereza wakawatoa 3-2 katika muda wa nyongeza. Walishindwa, ndiyo. Ila jina hawakunyang'anywa, maana halisemi kwamba hatujawahi kufungwa. Linasema hatufugiki.

Hapo ndipo neno linatugusa sisi. Nyumba tulizoacha zilikuwa na kuta, na tulizikimbia. Hatuwezi kumdanganya mtoto kwamba hatukupoteza kitu; anajua, alikimbia pamoja nasi. Ila tunaweza kumfundisha kwamba kushindwa na kufugwa si kitu kimoja. Anayepanga foleni ya maji alfajiri, kisha akaenda darasani na daftari lake moja, huyo bado hajafugwa.

Zoezi la familia: tungeni sentensi mbili za Kiingereza, moja ya ngome, moja ya mtu mnayemjua. Jioni mtoto azisome kwa sauti, na wazee wamsikilize.