Ugonjwa wa Chagas: Kimelea Ndani ya Kinywaji

Siku ya Chagas Duniani inapoadhimishwa kila mwaka, tukumbuke asili ya tarehe yenyewe. Tarehe 14 Aprili 1909, mjini Lassance, Brazil, daktari Carlos Chagas alikiona kimelea cha ugonjwa huu katika damu ya Berenice, mtoto wa miaka miwili. Alikuwa ametumwa kupambana na malaria miongoni mwa wajenzi wa reli, akaishi ndani ya behewa lililokuwa maabara, hospitali na chumba chake cha kulala. Mhandisi mmoja alipomwonyesha mdudu anayejificha katika nyufa za kuta za udongo na kunyonya damu usiku, Chagas hakumpuuza. Alimpasua mdudu huyo, akakuta utumboni kimelea, ndugu wa kile cha malale. Ndipo akaanza kumtafuta mgonjwa. Msomi aliyekubali kulala jirani na wanaougua aliona ambacho wakubwa wa mjini wasingekiona kamwe.

Somo hilo linahitajika leo Amazon. Mwaka 2006 Brazil ilithibitishwa kukomesha uambukizaji kupitia Triatoma infestans, mdudu mkuu wa majumbani, lakini katika jimbo la Pará watu huugua kwa kunywa kinywaji cha asai, tunda la jamii ya michikichi. Mdudu wa msituni mwenye kimelea hiki huingia kapuni pamoja na matunda, au huacha kinyesi chake juu ya matunda hayo, na vyote husagwa pamoja. Homa hudumu kwa majuma, uso huvimba, moyo huathirika. Na kwa kuwa familia hunywa kinywaji kimoja, huugua pamoja.

Wapo watakaosema kinywaji hicho kipigwe marufuku. Lakini asai kwa unga wa muhogo na samaki ndicho chakula cha kila siku cha wakazi wa kando ya mito. Kuwanyima ni kuwaadhibu. Wengine wanahofia kuwa kuua kimelea kwa joto kutaharibu ladha. Hofu hiyo haina msingi: tunda huchovywa zima katika maji ya nyuzi 80 za Selsiasi kwa sekunde 10, kisha hupozwa. Kinachohitajika ni maji safi, kipimajoto na mtaalamu aliye karibu. Tayari wapimaji wa malaria vijijini wamefundishwa kukitambua kimelea hiki katika damu ileile wanayoipima, na dawa hufanya kazi vizuri zaidi ugonjwa ukigunduliwa mapema. Serikali inayohubiri usafi bila kuwafikishia wananchi nyenzo hizo inawalaumu kwa umaskini wao, na huo si uungwana wala si tiba.